Kibao Nilicholala Nacho

Nakumbuka, mwanangu, Idi moja ambayo pilau yake sikuionja. Ilipikwa ikapikika, harufu yake ikafika mpaka kwa majirani, lakini mimi mwenye nyumba nilirudi jioni, nikaikuta imefunikwa kwa sinia, nikaifunua, nikaifunika tena. Najua umeniuliza habari za magari ya siku za sikukuu, nami nakujibu habari za pilau. Kaa kwanza, utaona vinakutana wapi.

Nimesikia mnavyobishana huko gare, stendi ya magari ya Kamembe, nyinyi vijana wa usukani. Wengine mnasema siku ya Idi, siku ya Noeli na zile siku za taifa magari yote yalale, kila mtu akae na watoto wake. Wengine mnasema gari halina sikukuu, na atakayekataa kuendesha atafute kazi nyingine. Niliwasikiliza nikacheka peke yangu, maana kila upande umeshika nusu ya kweli, na mimi niliwahi kuanguka nikiwa nimeshika nusu hiyohiyo. Magoti yangu sasa hayapandi hata ngazi za msikiti bila kulalamika, lakini kumbukumbu bado ina breki nzuri.

Wakati ule nilikuwa kijana, nakaa Bugarama, chini tambarare kwenye joto, mashamba ya mpunga upande huu na vumbi la saruji upande ule. Nilikuwa nimeoa miezi mitatu tu. Nilikuwa na sharubu, mwanangu, usione kidevu hiki kilichonyauka. Nilikuwa nazipaka mafuta kabla ya kuwasha gari. Vita vya kwetu vilikuwa vimekwisha, ila kwisha kwenyewe ni kule kwa vita, kwamba bunduki zinanyamaza na nyumba zinabaki na viti visivyo na wa kukaa. Ng'ambo ya mto, Kongo ilikuwa inawaka, inapoa, inawaka tena. Watu waliokuwa wamekimbilia huko walikuwa wamerudi kwa makundi, na wengine walirudi pungufu, mtoto mmoja au wawili wakiwa wamepotelea msituni.

Magari ya abiria tuliyaita taksi. Ya kutegemewa, kutoka Bugarama kupanda Kamembe, yalikuwa mawili. Moja nililiendesha mimi. Jingine aliliendesha Mzee Gaspari, Mkatoliki, mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye ndiye aliyenifundisha gia. Alikuwa na kawaida ya kuniita Amisi, bila ile H ya mbele, kama watu wote wa kwetu, na nikikosea kona hakufoka, alifunga macho tu kidogo kama mtu anayeumwa jino.

Sasa sikiliza habari ya kibao, maana ndiyo kisa chenyewe. Kilikuwa kipande cha mbao ya msipresi, urefu kama mkono wangu, kimeandikwa kwa rangi nyekundu BUGARAMA – KAMEMBE. Kilikuwa kimoja tu. Aliyekiweka mbele ya kioo chake ndiye aliyebeba safari ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Mzee Gaspari alikichonga mwenyewe baada ya vita, kwa sababu watu walikuwa wamejifunza kuogopa magari. Kuna walioitwa "pandeni, pandeni" na gari wasilolijua, na hawakuonekana tena. Hivyo watu wa Bugarama, wa Gikundamvura, wote waliotoka vijijini na vifurushi vyao, walitazama kwanza kibao. Kama kibao hakipo hawapandi, hata umuite mtu kwa jina la baba yake.

Na sisi wawili tulikuwa na desturi yetu. Mkesha wa Idi, mimi napeleka kibao kwa Mzee Gaspari, nakiweka mkononi mwake, naye siku ya pili anaendesha huku mimi naswali na kula. Mkesha wa Noeli na wa Pasaka, yeye analeta kibao kwangu, nami naendesha huku yeye yuko kanisani. Hata mbuzi wake wa Noeli aliniita mimi nimchinje, ili nikishuka kutoka Kamembe jioni nile bila wasiwasi. Hakuna serikali iliyotuamuru hayo, wala hatukuandikiana. Sikukuu yako nakushikia njia, na yangu unanishikia. Basi, yalikuwa hivyo, na nilidhani yatakuwa hivyo yenyewe, kama jua linavyochomoza.

Mwaka ule, Ramadhani ilipofika siku ya ishirini na tisa, ilikuwa Jumatano. Mwezi ungeandama, Idi ni Alhamisi. Usingeandama, Idi ni Ijumaa. Wewe unajua ubishi wetu Waislamu juu ya mwezi, na mawingu ya kwetu hayasaidii. Adhuhuri ya siku hiyo niko pakingi, akanijia mama mmoja wa Gikundamvura. Watu walimwita Mama Vestina, kwa jina la binti yake ambaye hakuwa naye. Mtoto alimpotea kule Kongo kambi zilipovunjika, akiwa na miaka mitano, katika mbio za watu wengi. Mbeba mizigo mmoja wa mpakani alikuwa amemletea habari: mtoto yuko hai, yuko Bukavu kwa mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyemuokota na kumlea. Na huyo mama anahamia Goma, anapanda boti Alhamisi saa saba mchana. Amesema atamleta mtoto kwenye daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, asubuhi ya Alhamisi hiyohiyo, amkabidhi kwa mzazi wake kabla hajaondoka.

Mama Vestina alinieleza hayo kwa Kinyarwanda, maana Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Mkononi alikuwa na gauni jipya la mtoto, la manjano, alilolinunua kwa kukisia kimo. Akaniuliza, kesho gari litakuwepo? Amesikia ni sikukuu yetu.

Nikavuta sharubu, nikamjibu kwa sauti ya mtu mkubwa. "Mama, mwezi uonekane, usionekane, gari lipo. Nisipokuwa mimi, ni Mzee Gaspari."

Neno hilo lilinitoka jepesi sana, mwanangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole ningekifunga kitambaa yakaisha.

Magharibi ile mawingu yalifunga. Tukafuturu tukijua kesho tunafunga tena. Halafu redio ikatangaza kuwa mwezi umeandama. Kelele za furaha zikazuka mtaani, wanawake wakakimbilia mchele na viungo, na mimi nikaitwa na kinyozi, kisha na fundi aliyenishonea kanzu. Mzee Gaspari alikaa ng'ambo ya mashamba ya mpunga, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nikasema nitaenda nikishanyoa. Nikanyoa, nikasema nitaenda nikishajaribu kanzu. Nilipomaliza kujitazama kwenye kioo cha mke wangu, mbele na nyuma, giza lilikuwa limekwisha kutanda, na miaka ile mtu hakutembea ovyo gizani. Askari hawakuuliza mara mbili. Nikasema nitakipeleka alfajiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo niliyoyaumiza hayakuwa yangu.

Nikalala, na kibao kikalala chini ya kitanda changu.

Alfajiri nikaoga josho la Idi. Maji yalikuwa ya baridi, roho ilikuwa ya moto. Mke wangu akanipa chai na maandazi kabla ya swala, kama ilivyo suna. Nikakikumbuka kibao, nasema kweli mbele ya Mungu, nikakikumbuka kikombe kikiwa mdomoni. Nikajisemea, Mzee Gaspari naye ana redio. Atakuwa amesikia. Atakuja mwenyewe kukichukua. Nikavaa kanzu, nikajipaka manukato, nikaelekea kiwanjani na wenzangu tukipiga takbira. Sikuwahi kujiona mzuri kama siku ile.

Imamu alikuwa katikati ya hotuba nilipomwona Mzee Gaspari pembeni ya kiwanja. Amevua kofia, amekunja suruali, matope ya shamba yamempanda mpaka magotini. Alingoja hotuba iishe, kwa heshima, amesimama wima. Tulipoanza kupeana mikono akanikaribia.

"Kibao iko wapi, Amisi?"

"Iko kwa nyumba, Mzee."

Alifunga macho, vilevile kama zamani nilipokosea kona.

"Nilingoja jana mpaka nikalala," akasema. "Betri ya redio ilikwisha. Nikasema, Amisi hakuleta kibao, basi mwezi haikuonekana, yeye njo anapanda Kamembe. Nikaenda ku mupunga. Sasa bananiambia bantu bako pakingi tangu saa kumi na mbili, hakuna hata motokari moya."

Nilikimbia na kanzu yangu nikiwa nimeikamata kama mwanamke anayevuka kijito. Nilipofika na kibao pakingi hapakuwa na abiria. Muuza chai akaniambia wengine wamerudi makwao, isipokuwa yule mama wa Gikundamvura. Yeye alingoja mpaka saa moja na nusu, akavua viatu, akaanza kupanda barabara kwa miguu. Kamembe ni mbali, mwanangu, na yote ni mlima.

Mzee Gaspari alileta gari lake. Hakuniambia panda, wala hakuniambia baki. Nikapanda. Tulimkuta amekwisha kuanza mlima, kwenye kona zile za mwanzo, viatu mkononi, gauni la manjano amelifunga kifuani kwa kitenge lisilowe jasho. Aliona kibao kiooni kabla hajatuona sisi. Akapanda, akakaa, akashukuru. Alishukuru, unasikia? Mimi nikatazama nje.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya udongo, tukasukuma gari mara mbili, kanzu yangu mpya ikawa rangi ya mlima. Tulifika Rusizi ya Kwanza saa sita na nusu. Mbeba mizigo yule aliyeleta habari alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Alipomwona Mama Vestina alisimama polepole.

"Balikuwa hapa," akaniambia. "Balingoja tangu saa tatu. Batoka sasa hivi, boti haingojake muntu."

Mama Vestina hakuwa na karatasi za kuvukia. Alisimama kwenye ukingo wa daraja akitazama upande ule, ambako barabara ya Bukavu inapanda na watu wanazidi kuonekana wadogo. Alilikunja gauni upya, likawa dogo, akalirudisha kifuani. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilitamani anitukane, ningepata pa kushika, lakini hakunitukana.

Kibao ni mbao ndogo, na kibao ni kofi pia. Siku ile nilipata vyote viwili, ingawa Mzee Gaspari hakuninyanyulia mkono. Tulipomshusha yule mama na kubaki wawili, alizima gari akasema maneno machache, na mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananipata joto.

"Amisi, miye sikukuomba utumike siku yako ya Idi. Hata Mungu hakukuomba vile. Nilikuomba kipande ya mbao tu, uilete na mukono wako."

Akaniwekea kibao mapajani, akashuka, akarudi shambani kwake kupandikiza mpunga.

Miezi michache baadaye vita vya Kongo vikaanza upya, na habari za Goma zikakatika. Mama Vestina akawa abiria wangu wa siku za soko. Alikaa nyuma yangu, alilipa, alisalimu, alishuka. Hakuniuliza kitu. Nimeendesha watu walevi, watu wakali, watu wenye mbuzi ndani ya gari, lakini hakuna abiria aliyekuwa mzito kwangu kama yule mwembamba aliyekaa kimya. Misimu ya mpunga ikapita, mitatu, kama si minne. Mimi nikazaa mtoto wa kwanza, Mama Vestina akaja kuniletea mayai ya pongezi, akambeba mwanangu mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mgeni. Nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Halafu habari ikaja. Muuza sambaza yupo hai, mtoto yupo, na Noeli hii anakuja Bukavu kuwaona ndugu zake, kwa sababu wakati mwingine hapati nafasi. Atakuwa darajani asubuhi ya Noeli yenyewe. Unaona, mwanangu? Nyinyi mnasema siku ya sikukuu nani anasafiri. Maskini ndiye anayesafiri, maana ndiyo siku pekee aliyoachiwa.

Siku ya mkesha Mzee Gaspari aliniletea kibao saa nane mchana, jua likiwaka, mbuzi wake amefungwa kwa kamba akinisubiri nimchinje. Hakungoja jioni. Alikiweka mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama vile anafundisha mtoto kushika kalamu.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa pakingi, injini inanguruma. Mama Vestina aliacha misa yake siku ile, na padri atanisamehe nikisema sijaona ibada kubwa kuliko alivyopanda gari lile. Tulifika darajani kabla ya saa tatu. Tukangoja sisi safari hii.

Walikuja wawili, mwanamke mnene mwenye kikapu na msichana mwembamba wa miguu mirefu. Mama alimtambua kabla hajafika katikati. Mtoto yeye hakumtambua mtu. Mama akamsemesha kwa Kinyarwanda, haraka haraka, maneno ya miaka mitatu yakitoka kwa mlango mmoja, na mtoto akamtazama tu midomo. Kinyarwanda kilikuwa kimemtoka. Alikuwa na Kiswahili cha Bukavu, basi. Mama na mwanawe wamekutana, na hawasikilizani. Ikabidi mimi nisimame katikati yao niwe mkalimani.

Mama akalitoa gauni la manjano. Likamfika mtoto mabegani, likakataa kushuka. Mtoto akalishika hivyohivyo, akanigeukia mimi.

"Umuulize huyu maman," akasema, "juu ya nini hakukuya ile siku? Tulimungoja mpaka jua ikakuwa kali."

Mwanangu, nimewahi kukatikiwa breki kwenye mteremko wa kushukia Bugarama, na sikuogopa hivyo. Nililigeuza lile swali kwa Kinyarwanda, neno kwa neno, maana lilikuwa si langu kulipunguza. Mama Vestina alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Idi alinitazama sawasawa. Alijua. Alikuwa anajua siku zote. Kisha akasema taratibu, "Mwambie gari halikuwepo."

Alinipa mlango, yule mama. Ningepita tu. Lakini ulimi uliokuwa mwepesi pakingi siku ile, sasa ukawa mzito, na ulipofunguka haukutoa alichoniambia. Nilichuchumaa kwenye lami ya daraja, nikamwambia mtoto, "Motokari ilikuwako, mwana. Miye njo sikukuwako. Mama yako alitembea na miguu."

Msichana akalikunja gauni. Watoto wa vita hawakuwa na haraka ya kusamehe wala ya kukasirika. Waliuliza kwanza linalowahusu.

"Na ya kurudia, iko?"

"Iko," nikamjibu.

Akatazama kioo cha gari langu, kilipo kibao, ijapokuwa hakujua kusoma. Akampa mama yake mkono.

Mzee Gaspari amezikwa upande wa pili wa yale mashamba ya mpunga, na kibao ninacho mimi, rangi imepauka. Wakati mwingine nakitoa nakifuta vumbi, na miaka ile yote inanijia, joto la Bugarama, sauti ya takbira, mbuzi wa Noeli, na yule mzee aliyesimama na matope magotini akingoja swala yangu iishe. Umaskini ule siutamani, lakini ule ushirikiano nautamani mpaka moyo unauma.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Msimlazimishe mtu kuendesha siku ya ibada yake. Gari linaloendeshwa na moyo uliobaki msikitini au kanisani linakwenda vibaya. Wala msifunge njia kwa kuwa nyinyi mna furaha, maana siku unayokula pilau kuna mtu anayengojwa darajani. Gawaneni siku. Mwenye Idi amshikie mwenye Noeli, mwenye Noeli amshikie mwenye Idi, na za taifa mpeane zamu. Na zamu, mwanangu, haikabidhiwi kwa kudhani. Usiseme "atasikia", usiseme "atakuja mwenyewe". Nenda kwa miguu yako, mchana, umwekee mwenzako mkononi, na usiondoke mpaka uone vidole vimefunga.

Mungu akupe sikukuu nyingi na watu wa kukushikia njia uzisherehekee. Akupe mikono isiyolala na kitu cha mwenzake. Na siku yoyote utakayosimama barabarani na haja yako, mvua au jua, Idi au Noeli, ulikute gari linanguruma na kibao kiko kiooni. Amina.